Baada ya Shakahola, nani ajue yanayoendelea kwenye maombi ya nyumbani?

Waumini wengi wa Mtongwe, kama wenzao wa kwingine Likoni, hawakutani kanisani Jumapili tu. Katikati ya wiki husali nyumba kwa nyumba. Wakatoliki huita jumuiya ndogondogo, mpango ambao maaskofu wa Afrika Mashariki waliupa kipaumbele tangu miaka ya 1970. Wengine huita ushirika. Ni hapo, kuliko kwenye mimbari, ambapo watu hujua nani mgonjwa na nani hajapika.

Tangu polisi waingie msitu wa Shakahola, Kilifi, Aprili 2023, na zaidi ya miili 400 kufukuliwa, mikutano ya aina hii inatazamwa kwa jicho la shaka. Kikosi kazi cha Kasisi Mutava Musyimi kilikabidhi ripoti yake Julai 2024, na Seneta wa Tana River, Danson Mungatana, akapeleka mswada wa kusajili na kusimamia mashirika ya kidini.

Usajili ni sawa, ila tusiutegemee mno. Kanisa la Paul Mackenzie, ambaye amekana mashtaka, lilikuwa na usajili. Ulifutwa mwaka huo wa 2023, makaburi yakiwa yameshafunguliwa. Kilichokosekana ni jirani wa kubisha hodi. Watu walitolewa kwa jamaa zao, watoto wakatolewa shule, hospitali ikafanywa dhambi.

Likoni inajua maombi ya aina nyingine. Machi 23, 2014, watu wenye bunduki walivamia kanisa la Joy in Jesus wakati wa ibada na kuua watu sita. Mtoto mdogo aliyefiwa na mamake alibaki na risasi kichwani. Aliombewa nchi nzima, na akapelekwa Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, madaktari wakaitoa. Hakuna aliyeona kwamba kisu cha daktari kinapingana na imani.

Huko Mtongwe jambo hili lina gharama yake. Mgonjwa akizidiwa usiku na kutakiwa Makadara, huenda akalazimika kuvushwa feri. Nani atatoa gari? Nani atalala na watoto? Bima ya SHA nayo, kwa asiye na mshahara, ni angalau shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa ya mwaka mzima kwa mkupuo: 3,600. Kwa mama anayeuza samaki hiyo si pesa ya kutoa mfukoni siku moja. Ushirika wa watu ishirini unaweza kuchanga zamu kwa zamu, kama wachangavyo matanga. (Kwa nini tuwe wepesi kuchangia jeneza kuliko bima, hilo wachungaji watujibu.)

Kwa hivyo ofisa akitaka kukagua, asianze na cheti. Aulize: wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba wanakaribishwa kwenye maombi hayo, au mlango hufungwa wakionekana?