Siri ya Kidimbwi

Nilipokuwa mtoto wa chuoni, mzee mmoja wa Kaloleni alinionyesha kidimbwi cha kambare nyuma ya minazi, akaniapisha nisimwambie mtu. Nilimwambia mmoja tu; naye akamwambia mwenziwe.

Kambare huvuta hewa, hata kiangazi hustahimili matope. Asichokistahimili ni nyavu za kila mpitaji. Wazee wa Kimijikenda waliyajua hayo. Misitu ya Kaya, ambayo UNESCO iliitia katika urithi wa dunia mwaka 2008, ililindwa kwa miiko na siri, bila ya seng'enge.

Leo kila pahali pazuri hupigwa picha ya simu, na kesho watu tele. Msomaji mpenzi, ukionyeshwa kidimbwi, funga kinywa. Mimi sikukifunga, na mwanangu hakumwona kambare wa pale.