Nyumba ya kwenye ramani isikupotezee shamba

Mkulima wa Keza wilayani Ngara, akishauza kahawa au ng'ombe, anaweza kushawishika kulipia nyumba ya mjini ambayo bado ipo kwenye ramani. Bei huwa nafuu kwa sababu fedha za mnunuzi ndizo zinazojenga. Mradi ukikwama, anajikuta amemkopesha mjenzi bila dhamana.

Hata wakubwa hukwama. Mradi wa Dege, Kigamboni, ambao NSSF ilikuwa mbia, ulilenga nyumba zaidi ya 7,000, lakini ujenzi ulisimama mwaka 2016. Je, kampuni changa isiyojulikana?

Kabla ya kulipa, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati ujue kiwanja ni cha nani na kama kimewekwa rehani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka mkataba wa maandishi. Utaje tarehe ya kukabidhiwa nyumba, fidia ya ucheleweshaji na namna ya kurejeshewa fedha. Lipa kwa awamu, kufuata hatua za ujenzi: msingi, kuta, paa.

Aidha, usiweke rehani hatimiliki ya kimila ya shamba kwa ajili ya nyumba ambayo haijajengwa. Nyumba isipopatikana, benki itadai shamba.