Baridi inapoingia, sote tunawasha saa moja

Baridi imeingia Lubumbashi na malalamiko yamerudi: taa inawaka nyekundu kama mshumaa, resho haipati moto, na kufika saa 1 usiku kabine ya kartie inaruka.

Wengi tunasema umeme umepungua huko unakotoka. Pengine ni hivyo. Lakini katika Juni na Julai tuangalie kwanza nyumbani mwetu. Mji wetu uko juu, karibu meta 1,200, na usiku wa miezi hiyo baridi inaweza kushuka chini ya digri 10. Tuhesabu kama darasani: ndoo ya litri 10 ya kuogesha watoto, tunataka ifike digri 40. Maji yakianza kwa digri 25, kile chuma cha kuchovya cha wati 1,000 kinamaliza kazi kwa dakika 10 na kidogo. Yakianza kwa digri 15, zinapita dakika 17. Ndoo ni ile ile, na umeme umeongezeka kwa theluthi mbili. (Chuma hicho kichomolewe kwanza, ndipo mkono uingie ndani ya maji.)

Na hatuwashi kwa zamu. Jua linazama kabla ya saa 12, watoto wanaingia ndani, na kila parsele inawasha resho, pasi na televizio pamoja. Resho ya sahani mbili inaweza kula wati 2,000, sawa na taa 200 za wati 10. Tukivuta wote, nguvu ya waya inashuka. Ikitoka volti 220 ikafika 160, moto wa resho unabaki karibu nusu. Maharagi yanakaa juu yake mpaka watoto wanasinzia, kwa jirani vilevile, na mzigo unazidi kukaa juu ya kabine ile ile.

Sisi walimu jambo hili linatuuma kwa sababu ya kalenda. Mitihani ya Serikali mara nyingi inaangukia miezi hiyo hiyo ya baridi. Mtoto anayejitayarisha anahitaji taa moja ya wati 10, naye anaikosa kwa ajili ya maharagi yetu.

Tunajua kwamba mama anayeuza sokoni mpaka mangaribi hawezi kupika mchana. Kumwambia abadilishe saa ni kumcheka. Kwake maharagi yalowekwe usiku, kisha yapikwe juu ya mbabula, wamama wawili watatu wa parsele moja wakichanga makala. Nguo za masomo zipigwe pasi Jumamosi mchana, za juma zima. Maji yawekwe juani katika beseni jeusi tangu asubuhi, maana jua la kipwa ni kali na ni la bure. Yanaingia thermos kabla ya jioni. Baba anayetaka shati ya pasi kila siku saa ya kupika, naye asomewe ukurasa huu.

Oktoba ni habari nyingine. Joto linaingia ndani ya frigo, na mashini yake inazunguka karibu bila kupumzika. Wakati huo mvua haijanyesha vizuri tangu Aprili, na maji yamepungua katika Lufira inayozungusha Mwadingusha na Koni, na katika Lualaba inayozungusha Nzilo na Nseke. Mto Kongo kule Inga unapata mvua za pande mbili za ikweta, haushuki namna hiyo. Lakini umeme wake unasafiri kilometa 1,700 hivi mpaka Kolwezi, na huko migodi inaungojea pia. Kwa hiyo kubadilisha saa, kunakosaidia kabine katika Juni, hakuongezi maji katika Oktoba. Hapo tunapaswa kutumia kidogo: mlango wa frigo usifunguliwe ovyo, na sufuria ya moto ipoe nje kwanza. Friza iliyojaa chupa za maji yaliyoganda inashika baridi muda mrefu kuliko iliyo tupu. Mama anayeuza samaki aanze kugandisha chupa zake mwezi wa Septemba.