JEMBE LA JIRANI NI DENI



Wengi wetu tulilelewa shambani kabla ya kujua king'ora cha karakana, na ujima tunaujua. Wakikuyu waliuita ngwatio, Wakamba mwethya, Wajaluo saga, Wakisii risaga. Majina ni mbalimbali, jambo ni moja. Siku ya kulima majirani walifika alfajiri, kila mtu na jembe lake, wakajipanga mstari, wakalima wakiimba. Shamba la kumchosha mtu mmoja siku nyingi lilikwisha kabla jua halijawa kali. Kisha mwenye shamba akatoa uji, chakula na pombe, wakala na kufurahi pamoja.

Hapakuwa na karani wala daftari, lakini hesabu ilijulikana: leo kwangu, kesho kwako. Mgonjwa alisaidiwa. Lakini mwenye nguvu aliyefika wakati wa pombe tu, zamu yake ilipokuja alibaki peke yake na magugu yake.

Wala tusichanganye ujima na kazi ya kulazimishwa. Wakati wa ukoloni machifu waliwatoa watu, wanawake wengi miongoni mwao, wachimbe matuta bila malipo, na wakubwa wakaiita kazi ya umoja. Mwaka 1947 watu wa Murang'a waliikataa. Nasi twasema: kazi isiyo na zamu si ujima.

Chama chetu ni ujima. Reli haiinuliwi na mtu mmoja. Genge zima huinua kwa sauti moja. Lakini wako wenzetu wasiolipa ada, wasiofika mkutanoni, ambao huukumbuka mlango wa ofisi yetu siku wanapopata barua ya kufukuzwa. Nyongeza ya mshahara ikipatikana, huipokea sawa na sisi. Hao wanakunywa pombe ya shamba wasilolilima.

Hatutawafukuza. Tunawauliza tu: Ndugu, jembe lako liko wapi?

Na sisi wa kamati tujiulize vilevile. Mwanachama aliyelipa ada kila mwezi, akija na shida yake akakuta mlango umefungwa, basi aliyekosa zamu ni sisi, na deni ni letu.

Mkutano ukiitwa, ndugu, usingoje kusikia harufu ya chakula. Njoo alfajiri, uje na jembe.