Rezistansi: jina moja, vitu tatu

Neno "rezistansi" linatuchokesha sisi wanafunzi. Nyumbani, rezistansi njo ile waya ya kuzunguka-zunguka inayowaka mu resho. Mu redio, ni kale kantu kadogo kenye mistari ya rangi. Mu darasa, mwalimu anauliza: "Rezistansi ni ngapi?" Kumbe anataka hesabu ya omu! Wengi tunajibu kitu, tunapata ziro. Na ku soko, mwenye kuomba rezistansi bila kusema omu analeta ya mbaya, redio inaungua.

Waingereza wameachanisha: rezista ni kitu chenyewe, rezistansi ni kipimo cha namna kinavyozuiza umeme. Shaba inayosafishwa ku Shituru, mu Likasi, inazuiza kidogo sana. Njo maana wanafanya nayo waya. Rezista yenye mistari ya kahawia, nyeusi na nyekundu inazuiza omu 1.000. Zote mbili ziko na rezistansi, lakini waya ya shaba haiitwe rezista.

Hata kama mtihani ni wa Kifaransa, mu daftari zetu tuandike majina mawili. Na ninyi walimu wetu, tafazali, mutusaidie: mukisema "rezistansi", museme ni ya namna gani.