Harusi ya bomani sawa, ila sio ya kificho

Wadau, wiki hii picha moja imezunguka kwenye simu zetu wote. Msanii mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, kafunga ndoa bomani. Watu wanane tu, bibi harusi kavaa gauni jeupe la kawaida, maua mkononi, basi. Komenti zikaanza: hela imeisha, kamati imemkimbia, bi dada ana mimba.

Jamani, tuache ushamba. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya bomani sawasawa na ya kanisani au msikitini. Cheti ni cheti.

Dada yangu alifunga ndoa kwa kamati. Vikao kila Jumapili, sare, MC, ukumbi. Nusu ya ahadi za michango hazikulipwa, wakaanza maisha na deni la ukumbi. Picha walizipata baada ya miezi saba, maana mpiga picha naye alikuwa anadai. Picha mia nne, na hamna hata moja aliyopiga na baba. Mzee wa watu alikuwa nyuma anahesabu kreti za soda.

Bomani mambo kama hayo unayakwepa ukijipanga. Nenda mapema ukaone ofisi yenyewe, nyingi ni ndogo. Muulize karani kama picha zinaruhusiwa. Chukua mpiga picha mmoja, sio watatu wanaosukumana. Mwambie asimame upande wa dirishani, mwanga wa dirisha unapendeza sura kuliko taa za tyubu. Fanyeni asubuhi, maana jua la Dar la saa sita likikukuta nje linakuchora vivuli chini ya macho. Na picha ya kwanza kabisa asiikose: mnaposaini, na mashahidi wenu wawili wakisaini. Harusi yenyewe ndio hiyo. Mambo ya kupozi chini ya mti na kwenda ufukweni yatafuata.

Mpaka hapo niko upande wa msanii wetu. Ila kuna jambo limeniuma. Inasemekana mama yake mzazi aliiona ile picha kwenye simu ya jirani. Mama aliyemlea peke yake, kaambiwa na jirani, "Hongera, mama mkwe." Hapo ndugu yangu umezingua.

Kuna watu wanachanganya harusi ndogo na harusi ya siri. Hata serikali yenyewe haitaki siri. Kwa kawaida unatoa taarifa siku 21 kabla, tangazo linabandikwa, mwenye pingamizi aseme. Yaani mpita njia aliyefuata shida zake bomani anaweza kusoma jina lako ukutani, halafu mama yako hajui?

Kama nafasi ni za watu wanane, mama ni wa kwanza, mshikaji wa studio ndio apunguzwe. Kama yuko mbali au anaumwa, mpigie, muombe baraka, na picha ya kwanza itumwe kwake kabla hujatupia mtandaoni. Bando la kutuma picha moja ni shilingi ngapi?

Ukumbi unaweza kuukataa, kamati unaweza kuikataa, keki pia. Mama hakatwi kwenye bajeti.

Wewe mdau unasemaje, mama angekuwa wako ungemsamehe huyu jamaa?