Wanaotulinda wanasema nasi kwa lugha gani?

Wakati wa likizo kubwa ya mwaka 2025 nilikaa siku kadhaa kwa shangazi yangu, hapa Lubumbashi, katika komini ya Katuba. Ndani ya ua huo anaishi mama mmoja mzee aliyekimbia Kivu ya Kaskazini baada ya vita kuingia Goma mwezi wa kwanza. Kila jioni anasikiliza habari kwenye redio yake ndogo. Jioni moja walitaja tena mapatano ambayo mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walitia saini Washington tarehe 27 Juni. Mama aliniita, maana anajua kwamba nasoma lugha, akaniuliza: “Mutoto wangu, ile karatasi balisaini kule, inasema tutarudia kwetu ao hapana?”

Nilimwahidi kwamba nitaitafuta nimsomee. Niliipata kwenye simu, kwa Kiingereza. Nikakaa kwenye kigoda karibu naye, nikaanza kumfasiria. Sikufika mbali. Maandishi yanataja mpango wa “kuneutralisha” kundi la FDLR, kutenganisha majeshi, na Rwanda kuondoa “hatua zake za kujihami”. Hayo maneno ya mwisho niliyafasiri neno kwa neno, kama tulivyozoea darasani. Mama akanikatiza: “Hatua? Banatembea banaenda wapi? Ni kusema baaskari batatoka?” Nikanyamaza. Mwanafunzi wa lugha, mwenye miaka kadhaa chuoni, nilishindwa na swali la mama asiyejua kusoma.

Tangu siku ile nimekuwa nikifikiri juu ya jambo ambalo nataka kuliweka mbele ya walimu wetu na wanafunzi wenzangu. Watu wanapozungumza juu ya ushirikiano wa kimataifa katika usalama, wanahesabu askari, helikopta, ndege zisizo na rubani, na fedha. Ni sawa kuvihesabu. Lakini ni nani anayehesabu maneno? Nadai kwamba sehemu moja ya kushindwa kwa ushirikiano huo katika nchi yetu imetokana na hili: watu wanaolindwa hawajaelezwa, kwa lugha wanayoielewa, wanalindwa na nani, dhidi ya nani, kwa mamlaka gani, na hadi wapi. Na nadai kwamba kitivo kama chetu kina sehemu yake katika kosa hilo.

Jambo hili si geni katika mkoa huu wetu. Umoja wa Mataifa ulituma jeshi lake la kwanza Kongo mwaka 1960, jeshi lililofikia karibu watu 20,000. Tarehe 8 Novemba mwaka huo, karibu na Niemba, kaskazini mwa Katanga, askari 11 wa Ireland walikuwa kwenye doria. Walikuta daraja limeharibiwa, kisha wakajikuta mbele ya Baluba wenye mishale. Inasimuliwa kwamba kiongozi wao, Luteni Kevin Gleeson, aliinua mkono akawasalimia: “Jambo.” Mishale ikaanza kuruka. Wairishi 9 walikufa, wawili wakaokoka. Wengi wanaoeleza tukio hilo wanasema kwamba Baluba waliwadhani ni watu wa Tshombe, kwa sababu vijiji vyao vilikuwa vimechomwa na wanajeshi wa Katanga pamoja na mamluki Wazungu. Kwao, Mzungu mwenye bunduki alikuwa Mzungu mwenye bunduki. Hakuna aliyekuwa amewaeleza kwamba hawa wa kofia za buluu ni wengine. Salamu ya neno moja haikuweza kufanya kazi ambayo ilitakiwa ifanywe kwa wiki nyingi za mazungumzo.

Baada ya karibu miaka 40 Umoja wa Mataifa ulirudi. Azimio 1279 la Novemba 1999 liliunda MONUC, ambayo mwaka 2010 iligeuka MONUSCO. Lugha rasmi za Umoja wa Mataifa ni sita, na lugha zetu nne za taifa hazimo. Vikosi vikubwa vilitoka India, Pakistani, Bangladeshi, Nepali, Afrika Kusini. Askari anakaa mwaka mmoja ao chini ya hapo, kisha anabadilishwa, na aliyejifunza maneno hamsini anaondoka nayo. Haki itolewe pale inapostahili: ujumbe huo ulielewa tatizo. Mwaka 2002 ilianzishwa Radio Okapi, inayotangaza kwa Kifaransa, Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Ciluba. Baadaye wakaajiriwa Wakongo wa kuunganisha kambi na vijiji: wanapokea simu usiku, wanasikiliza machifu, wanamweleza komanda kwamba kijiji fulani kimeshambuliwa. Wengi katika kazi hiyo ni watu waliosoma kama sisi, na wanaifanya mahali ambapo mkalimani anaweza kuitwa msaliti na pande zote mbili.

Hata hivyo tatizo lilibaki ndani ya jina lenyewe. Kwa Kiswahili tunawaita “walinzi wa amani”. Mlinzi, kwa akili ya Kiswahili, ni mtu anayesimama mlangoni, na mwizi akija, anapambana naye. Mkulima wa Beni ao wa Rutshuru aliyesikia neno hilo alitegemea hivyo. Kumbe kwa lugha ya New York, kulinda amani ni kusimama katikati ya watu waliokwisha kukubaliana. Ndiyo maana swali lililosikika sana mashariki lilikuwa hili: mnalinda amani gani, na amani yenyewe haipo? Katika maandamano ya Julai 2022, huko Goma, Butembo na Uvira, watu wengi walikufa, wakiwemo walinzi hao wenyewe huko Butembo. Sisemi kwamba vifo hivyo vililetwa na tafsiri mbaya. Vililetwa na mauaji ya miaka mingi ambayo hayakuzuiwa. Lakini hasira ya mtu aliyeahidiwa ni kubwa kuliko ya mtu ambaye hakuahidiwa kitu, na ahadi hiyo ilipita ndani ya neno.

Najua kuna msomaji anayeniandalia jibu. Atasema: kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilikuja Novemba 2022, askari wa Kenya wakisema Kiswahili safi, na mwaka mmoja baadaye, Desemba 2023, kilifungasha. Kiswahili kilisaidia nini?

Ni pingamizi la kweli, na nalikubali nusu. Lugha moja haileti nia moja. Serikali yetu ilitaka kikosi kinachoshambulia waasi. Wakubwa wa kikosi walijiona kama watu wa kukaa katikati na kusimamia waasi warudi nyuma. Kinshasa na Nairobi walitumia neno “kikosi cha pamoja” huku kila mmoja akiwa na maana yake kichwani. Lakini tuangalie vizuri kilichotokea. Kwa sababu askari walielewa Kiswahili, wakaaji wa Goma waliwauliza uso kwa uso: mlikuja kupigana ao kuangalia? Miaka ishirini na zaidi watu walitaka kuwauliza hivyo askari wa mataifa mengine, wakaishia kupigia kifaru mayowe. Kiswahili hakikuleta amani. Kilileta swali, na kilifanya isiwezekane kulikwepa. Hiyo si kazi ndogo.

Tena kuna mfano wa upande mwingine. Azimio 2098 la Machi 2013 liliunda brigedi ya kuingilia kati, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Novemba mwaka huohuo M23 ilishindwa, jeshi letu likiwa mbele na brigedi ikilisaidia. Ushindi ule ulitoka hasa kwenye mamlaka iliyo wazi na silaha za kutosha. Lakini mamlaka iliyo wazi ni nini, kama si maneno ambayo watu wote wanayaelewa namna moja?

Ndipo narudi kwenye kitenzi kilichonishinda kwa mama: “kuneutralisha”. Azimio lile la 2013 lilikitumia, na mapatano ya 2025 yanakitumia tena. Kwa Kiswahili tuseme nini? Kuua? Kunyang’anya silaha? Kuvunja nguvu? Kutawanya? Kila chaguo ni ahadi tofauti, na kila moja linamtisha ao kumtuliza mtu tofauti. Wanadiplomasia wanapenda neno la aina hiyo kwa sababu halichagui, na kila mmoja anaweza kurudi kwao akiwaambia watu wake kile wanachotaka kusikia. Mfasiri hana nafasi hiyo. Akiandika kwa Kiswahili lazima achague, na anapochagua, utata uliofichwa mezani unatoka nje. Huenda hiyo ni sababu moja inayofanya watu wasiwe na haraka ya kutufasiria.

Na bado sheria iko upande wetu. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 214, inasema kwamba mapatano ya amani hayawezi kuthibitishwa ila kwa njia ya sheria. Kifungu cha 142 kinaidai serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa katika siku 60 tangu kutangazwa. Ukiviweka vifungu hivyo viwili pamoja, mama wa Katuba hakuniomba huruma. Aliomba haki yake.

Kwa nje pia milango imefunguliwa. SADC ilipokea Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2019. Umoja wa Afrika ulikipitisha kuwa lugha ya kazi mwaka 2022, mwaka uleule ambao nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kila tarehe 7 Julai tunasherehekea Siku ya Kiswahili Duniani kwa ngoma na hotuba, na hotuba nyingine zinatolewa kwa Kifaransa. Lakini SADC ilipotuma askari wake mashariki mwishoni mwa 2023, na ilipokatisha kazi yao Machi 2025, ni Mkongo gani wa kawaida aliyesoma kwa Kiswahili sababu za kuja na sababu za kuondoka?

Basi napendekeza mambo matatu, na yote yanaweza kuanza bila kungoja Kinshasa.

La kwanza, tutengeneze orodha ya istilahi za usalama na za mapatano, kwa lugha zetu nne, pamoja na maelezo ya kila neno. Isiishie kwenye kamusi za Dar es Salaam. Ijaribiwe kwa watu. Neno ambalo mama wa sokoni analisikia vingine, lirudishwe mezani. Tena tukumbuke kwamba hata Kiswahili hakiwafikii wote: kuna wazee wa Kinande, wa Mashi, wa Kibembe wanaohitaji daraja la pili.

La pili, ukalimani wa wakati wa vita ufundishwe kama somo kamili: namna ya kufasiri bila kuongeza, siri za kazi, na usalama wa mkalimani mwenyewe. Leo anayejua Kifaransa kidogo na Kiswahili cha nyumbani anawekwa kati ya komanda na kijiji, na maisha ya watu yanapita mdomoni mwake.

La tatu, TFC na memwari zetu ziguse maandishi haya. Tunaandika kurasa 80 kwa Kifaransa juu ya viambishi vya Kiswahili, na hatuna hata ukurasa mmoja wa Kiswahili juu ya mapatano yanayoamua kama ndugu zetu watalala kwao. Viambishi vina thamani yake, nami navipenda. Lakini mwalimu anayekubali kwamba tafsiri ya azimio la Baraza la Usalama, yenye maelezo ya kila uamuzi wa mfasiri, ni kazi halali ya kumaliza masomo, atakuwa amefanya jambo kwa ajili ya ulinzi wa nchi.

Kabla ya kurudi chuoni nilimwambia mama nilichoweza: kwamba karatasi inawataja wakimbizi na kurudi kwao, kwamba haisemi tarehe ya yeye kurudi, na kwamba neno moja ndani yake bado sijalipatia Kiswahili. Aliniangalia kidogo, akapunguza sauti ya redio. “Ukilipata,” akasema, “ukuje uniambie.”